GARI LA WAGONJWA HUANZIA NYUMBANI

Haya ni mazungumzo ya tabibu mmoja mstaafu mbele ya wahitimu wa kisomo na wanakijiji wengine. Mkutano ulifanyika katika darasa la shule ya msingi. Tumeyaandika karibu sawa na alivyoyasema. — Mhariri

Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji, Ndugu Mtendaji, mwalimu wetu wa kisomo, wazee wangu, mama zangu, na ninyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mtoroke mapema:



Nimeombwa nizungumze juu ya gari la wagonjwa la siku zijazo. Nilipoipata barua ya mwaliko nilicheka kidogo. Nikasema, hawa ndugu zangu hata gari la leo hulisikia tu, je, nitawaeleza la kesho? Halafu nikaona mko sawa. Mtu anayetaka kujenga hupima kiwanja kwanza, ndipo afyatue tofali. Basi leo tupime kiwanja.

Ninyi ni watu wa kisomo, na hesabu mnazijua. Chukueni kalamu.

HESABU YA SAA MBILI

Mama amejifungua nyumbani usiku. Mtoto analia vizuri, watu wamefurahi. Kisha damu inaanza kumtoka mama, na haikomi. Sisi tuliofanya kazi ya uganga tunajua kwamba mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufa kwa muda wa saa mbili hivi, akikosa matibabu. Saa mbili ni dakika 120. Andikeni 120 juu ya ukurasa.

Sasa tutoe. Bibi anasema tungoje kwanza, huenda ikakoma yenyewe. Dakika 30. Baba wa mtoto yuko kitongoji cha pili, na hakuna anayethubutu kuamua bila yeye. Kijana anatumwa kumwita. Dakika 20. Simu ipo lakini haina vocha. Anatafutwa mwenye vocha, halafu inabidi kukimbia mpaka kile kichuguu ambapo simu inashika. Dakika 10. Mwenye pikipiki anapatikana, lakini tangi ni kavu, na mama anayeuza petroli ya chupa amelala. Dakika 15. Bado nauli. Watu wanachanga, huyu elfu mbili, huyu elfu moja. Dakika 15.

Jumlisheni. Nani amepata?

(Tisini!)

Tisini. Toa kwenye 120, zinabaki 30. Na hospitali ya wilaya kutoka hapa ni mwendo wa saa nzima, tena barabara ikiwa kavu. Habari ya mvua sijaisema.

Watu wakirudi kutoka makaburini husema, "Tumempoteza kwa kuwa hatuna gari." Ni kweli, gari hatuna. Lakini tazameni tena hesabu yenu. Dakika 30 za kungoja na 20 za kumtafuta baba zingepotea hata kama gari jipya la wagonjwa lingekuwa limesimama pale chini ya mwembe wa shule, na dereva wake amekaa kwenye usukani. Dakika 50 zimekwisha na hakuna hata mmoja aliyemwita dereva.

Mwaka 1994 wataalamu wawili wanawake, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika juu ya jambo hili. Walisema mama mjamzito hufa kwa sababu ya kucheleweshwa mara tatu. Kwanza hucheleweshwa nyumbani, watu wakisitasita kuamua. Pili hucheleweshwa njiani. Tatu hucheleweshwa akishafika hospitali, pale ambapo hakuna dawa, au damu, au mtu wa kumhudumia. Kila nchi inayopanga huduma ya dharura inakutana na hayo matatu. Gari linaponya lile la katikati tu.

Niliwahi kufanya kazi mahali fulani, sitapataja. Tulipewa gari zuri la wagonjwa, likapokelewa kwa ngoma. Baadaye likakaa miezi mitano bila kwenda popote. Ugonjwa wake? Matairi mawili. Kuku walitagia chini yake. Kila mgeni akija alionyeshwa gari hilo, naye akaandika katika kitabu chake kwamba kituo kile kina gari. Kwa hiyo mtu akikwambia, "Tutawaletea gari," shukuru, halafu muulize, tairi litatoka wapi? Mafuta nani atanunua? Dereva wa usiku ni nani?

WENZETU WALIANZAJE

Nataka mjue kwamba hata hao wenye miji mikubwa hawakuzaliwa na huduma hizi. Walizitengeneza, na mara nyingi walizitengeneza baada ya kulia.

Mwaka 1792 Wafaransa walikuwa vitani. Kanuni ya jeshi lao ilikuwa kwamba magari ya kubeba majeruhi yakae mbali nyuma mpaka mapigano yaishe. Askari aliyekatika mguu asubuhi alilala palepale mpaka jioni, na wengi hawakuiona hiyo jioni. Daktari mmoja kijana, Dominique-Jean Larrey, aliona mizinga ikivutwa mbio na farasi. Akawaza, kama farasi wanaweza kukimbia na mzinga, kwa nini wasikimbie na majeruhi? Akatengeneza vigari vyepesi vya kukokotwa na farasi, vikiwa na watu wa kufunga vidonda humohumo. Tena akaweka sheria: aliyeumia zaidi atibiwe kwanza, awe jemadari au askari wa kawaida. Hiyo ndiyo asili ya ambulensi.

Sasa twende London. Tarehe 10 Novemba mwaka 1935 nyumba moja katika mtaa wa Wimpole iliungua usiku, na wanawake watano wakafa. Jirani aliona moto, akapiga simu. Zamani hizo ulikuwa huwezi kumpigia mtu moja kwa moja kila mara; ulimpigia mfanyakazi wa posta akuunganishe. Yule jirani akawekwa kwenye foleni! Pamoja na watu waliotaka kusalimiana! Moto unawaka, yeye ameshika simu sikioni, anangoja zamu.

Je, alifanya nini? Ndugu zangu wa kisomo, sikilizeni vizuri hapa. Aliandika barua kwa mhariri wa gazeti. Barua ikachapishwa, watu wakaghadhibika, Serikali ikaunda kamati. Tarehe 30 Juni 1937 namba 999 ikafunguliwa London. Mtu akipiga namba hiyo, taa nyekundu iliwaka kwa mfanyakazi na honi ikalia, ili mwito wake upite mbele ya miito mingine yote. Zimamoto walikuwapo tangu zamani. Simu zilikuwapo. Kilichoongezwa ni njia ya kupita mbele.

Kisa cha tatu ndicho ninachokipenda, kwa hiyo mniruhusu nikae nacho kidogo.

Katika Marekani, mpaka miaka ya 1960, miji mingi haikuwa na ambulensi kama tunavyozifahamu. Mara nyingi wagonjwa walibebwa na magari ya wenye kazi ya mazishi, kwa kuwa ndiyo magari ambayo mtu angeweza kulala ndani yake. Hebu fikirini! Anayekubeba ukiwa mgonjwa ndiye huyohuyo atakayelipwa ukifa. (Kicheko.) Katika mji wa Pittsburgh polisi ndio waliobeba wagonjwa. Walimtupa mtu nyuma ya gari lao, wakakaa wote wawili mbele, wakaendesha mbio. Huko nyuma mgonjwa alikuwa peke yake. Akikosa pumzi, amekosa.

Mjini humo kulikuwa na mtaa wa watu weusi maskini unaoitwa Hill District. Kulikuwa pia na daktari, Peter Safar, mzaliwa wa Austria. Ndiye mmoja wa watu walioufundisha ulimwengu kumpulizia mtu pumzi mdomo kwa mdomo. Mwaka 1966 binti yake mwenyewe alikufa kwa pumu. Daktari huyo akaamua kwamba mgonjwa anapaswa kuanza kutibiwa palepale alipoangukia, na aendelee kutibiwa njiani.

Lakini nani atafanya kazi hiyo? Madaktari walikuwa hawatoshi. Mwaka 1967 shirika moja la watu weusi wa mtaa ule, Freedom House, lilikubali kuwatoa vijana wake. Wengi wao hawakuwa na kazi. Baadhi hawakumaliza sekondari. Wakubwa wa mji waliwaona kuwa watu wasiofundishika. Safar akawafundisha kwa saa kama 300: mwili wa mtu ulivyo, namna ya kufungua njia ya pumzi, kuzuia damu, kuzalisha, kuendesha gari kwa usalama. Wakatoka hapo wakiwa miongoni mwa wahudumu wa kwanza Marekani waliojua kumtibu mgonjwa ndani ya gari. Mafunzo yao yalitumika baadaye kutengeneza mafunzo ya nchi nzima.

Nisifiche mwisho wake. Mwaka 1975 mji ulianzisha huduma yake wenyewe, Freedom House ikafungwa, na wengi wa wale wahudumu weusi wakasukumwa pembeni, nafasi zikachukuliwa na wengine wasiowazidi ujuzi. Kwa miaka mingi jina lao halikutajwa. Mimi naliona jambo hilo kuwa ni dhuluma, na ndiyo maana nalitaja hapa, mbali kabisa na Pittsburgh.

Kwa nini nimewaeleza habari zao? Kwa sababu kila mara nikisema kwamba wanakijiji wanaweza kuwa sehemu ya huduma ya dharura, anatokea mtu mwenye shati jeupe anauliza, "Watu wa darasa la saba? Watu wa kisomo?" Nami namjibu, ndiyo, haohao.

NAMBA 115

Sasa turudi kwetu. Hapa Tanzania jambo hili limekwisha kuanza, na baadhi yenu mmeliona.

Kuna mpango unaoitwa m-mama. Ulianza kwa majaribio Kanda ya Ziwa, huko Sengerema na Shinyanga. Mwezi Aprili 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aliuzindua ili uenee nchi nzima. Namba yake ni 115. Uliundwa kwa ajili ya mama mjamzito, mama aliyejifungua ambaye hajamaliza siku 42, na mtoto mchanga ambaye hajatimiza siku 28.

Unavyofanya kazi ni hivi. Unapiga 115. Hulipi kitu, kwa hiyo ile habari ya kutafuta vocha tunaifuta. Futeni dakika hizo kwenye daftari. Simu inapokewa na mhudumu aliyefundishwa. Anakuuliza maswali, anajua kama ni dharura kweli na ni kituo gani kinachofaa. Kisha anatafuta gari la wagonjwa lililo karibu. Kama lipo, linakuja. Kama halipo, hapo ndipo penye akili ya mpango huu: anampigia dereva wa kawaida. Mtu wa hukuhuku, mwenye gari lake, aliyejiandikisha mapema na kukubali kuitwa wakati wowote. Dereva anamchukua mama, anamfikisha, wa kituoni wanathibitisha kwamba amefika, na fedha zinaingia kwenye simu ya dereva. Mama haombwi nauli. Kwa hiyo na zile dakika 15 za kuchanga tunazifuta.

Mnaona? Hakuna aliyenunua gari jipya kwa kila kijiji. Walichokifanya ni kupanga mapema juu ya mambo ambayo sisi huanza kuyatafuta usiku, mgonjwa akiwa sakafuni: namba ya kupiga, dereva, na mlipaji.

Katika uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2015 hadi 2016 ilionekana kwamba akina mama 556 walikufa kwa uzazi katika kila vizazi hai 100,000. Katika uchunguzi wa mwaka 2022 walikuwa 104. Msiniambie kwamba gari peke yake ndilo lililofanya hivyo. Huo mpango ulikuwa hata haujaenea nchini. Vituo vingi vya afya vilianza kufanya upasuaji, wakunga waliongezwa, akina mama wengi zaidi walijifungulia kituoni. Na hao 104 nao wana majina, wana watoto.

Juu ya kule kucheleweshwa kwa tatu, hospitalini, nitasema kidogo tu. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania kwa akina mama zaidi ya 200,000. Baada ya kujifungua, mama aliwekewa chini yake mfuko wa plastiki wenye alama za kupimia, kama kile kikopo cha kupimia maziwa. Mkunga hakukisia tena kwa macho damu iliyotoka; aliisoma. Ikifika alama ya hatari, alimpa mama matibabu yote kwa pamoja badala ya kujaribu moja na kungoja. Madhara makubwa ya kutokwa na damu yalipungua kwa asilimia 60. Mfuko tu, na utaratibu.

Na vijana wataniuliza juu ya ndege. Ndiyo, mwezi Oktoba 2016 Rwanda ilianza kupeleka damu hospitalini kwa ndege ndogo zisizo na rubani, zikirushwa kutoka Muhanga. Daktari anaomba, ndege inakwenda kwa kasi ya kama kilomita 100 kwa saa, inaangusha boksi kwa mwavuli na kurudi. Ni jambo zuri. Gari linampeleka mama kwenye damu, na ndege inaileta damu kwa mama, wanakutana katikati. Lakini ndege ile hupeleka damu kwa mgonjwa aliyekwisha kufika mikononi mwa daktari. Aliye bado nyumbani, anangoja baba arudi, ndege haimjui.

TUPANGE LA KWETU

Basi gari la siku zijazo la kijiji hiki tulitengenezeje?

Mimi ningeanza na ile 30 na ile 20. Hizo ni kubwa kuliko zote na haziombi senti. Mama zangu, na hasa ninyi mama wakwe, nawaheshimu sana, mmezalisha watoto wengi kabla yangu. Lakini damu ikilowesha khanga ya pili, asiwepo wa kusema tungoje. Na ninyi akina baba, ruhusa itolewe mchana, mapema, mimba ikiwa na miezi saba. Mwanamume aseme mbele ya mke wake na mama yake: "Nikiwepo, nisipokuwepo, likitokea la hatari pigeni 115 mwondoke." Aseme wasikie wote. Asiyeweza kusema hivyo na anieleze sababu, nitamsikiliza. (Kimya.) Haya.

Dalili za kumfanya mtu apige bila kungoja mzijue kwa moyo: damu kutoka wakati wa mimba au kutoka nyingi baada ya kujifungua, degedege au kuzimia, kichwa kuuma sana na macho kuona maruwiruwi, homa kali, chupa kupasuka na uchungu hauji, mtoto kuacha kucheza tumboni, mtoto mchanga asiyenyonya au anayepumua kwa shida. Mwalimu ameniahidi kwamba dalili hizi zitakuwa somo la kusoma la wiki ijayo. Bora kuliko kusoma habari za sungura na fisi, au sivyo mwalimu?

Halafu kuna kusema kwenye simu. Watu hupiga, wanalia, wanasema "njooni upesi," wanakata. Waje wapi? Sema kijiji, sema kitongoji, sema alama: baada ya kanisa, baada ya msikiti, kwenye mbuyu. Sema mimba ina miezi mingapi au mtoto ana siku ngapi, na sema unachokiona. Usikate simu mpaka uambiwe. Hayo yote yaandikwe kwa chaki nyuma ya mlango wa kila nyumba yenye mjamzito, pamoja na mahali simu inaposhika na jina la kijana wa kukimbia mpaka pale. Usiku mtu akiwa na hofu husahau hata jina la kitongoji chake. Mlango hausahau.

Kuna vitongoji ambavyo gari halifiki. Huko dereva atasimama barabarani, na kipande cha kutoka nyumbani mpaka barabarani ni cha kwetu. Zamani tulibeba wagonjwa kwa kitanda cha kamba, watu wanne, tukipokezana. Wapo wanaodharau siku hizi. Mimi sidharau. Machela mbili za mbao na turubai, zikiwekwa mahali panapojulikana, na vijana wanane waliokubali kuitwa, ni sehemu ya ambulensi sawa na injini. Mama mwenye mimba kubwa alazwe ubavu wa kushoto. Anayetokwa na damu alale chali, miguu iinuliwe, afunikwe asipate baridi. Mwenye degedege alazwe ubavu, na msimtie kijiko mdomoni. Mtoto mchanga awekwe kifuani, ngozi kwa ngozi, chini ya khanga. Na ndugu wawili wenye afya wafuatane naye, ili ikihitajika damu wasitafutwe.

(Mama mmoja aliuliza: "Na aliyeumwa na nyoka je, naye atapigiwa 115?")

Swali zuri, mama. Nimesema namba ile iliundwa kwa ajili ya wazazi na watoto wachanga. Aliyeumwa na nyoka, aliyeanguka kutoka kwenye mwembe, aliyegongwa na bodaboda, aliyeungua, hao nao ni watu wetu. Mimi nasema nchi isiishie kwa akina mama. Njia imeonekana inafaa. Ipanuliwe mpaka kila dharura iwe na mlango uleule mmoja. Mkikutana na diwani au mbunge mwulizeni hilo badala ya kumpigia makofi tu. Na kama hamtakutana naye, yule bwana wa London aliandika barua, nanyi kuandika mnajua.

Lakini wakati tunangoja, tusikae. Wa nyoka atulizwe, asitembee, kiungo kifungwe kwenye kipande cha ubao kisichezecheze, apelekwe. Msichanje, msinyonye, msifunge kamba ya kukaza. Anayetokwa na damu kwenye kidonda, kandamiza kwa kitambaa safi bila kuachia. Msitie udongo wala majivu. Aliyeungua apozwe kwa maji safi ya kawaida kwa dakika 20. Mara nyingi wa kwanza kufika kwenye ajali huwa ni vijana wa bodaboda. Kwa hiyo hao ndio wafundishwe kwanza, na nimekubaliana na mganga wa zahanati kwamba atawafundisha wakija. Vijana wa mlangoni, mmesikia?

Na gharama zao, kwa kuwa hapo hakuna wa kutulipia. Rudini kwenye daftari. Tuseme kijiji kina kaya 300. Kila kaya itoe shilingi 1,000 kwa mwezi. Ni shilingi 300,000. Tuseme safari moja ya usiku mpaka hospitali ni shilingi 40,000. Gawanyeni. Ni safari 7, na zinabaki shilingi 20,000. Ndiyo, najua mnachokiwaza: nani atazishika? Mimi siwachagulii. Nasema tu kwamba washike watu watatu, mmoja wao awe mwanamke, na kila mwezi hesabu ibandikwe ukutani hapa, kubwa, kila mmoja aisome mwenyewe. Zamani mweka hazina angeweza kusoma anavyopenda, maana sisi wengine tulikuwa tunatazama karatasi kama mbuzi anavyotazama kalenda. Siku hizo zimepita.

Liko pia daraja la mtoni. Kila masika linakatika, na kila masika tunasema. Hilo si la chaki wala la machela, hilo ni la Serikali, na Ndugu Mtendaji yuko hapa anasikia. Napendekeza barua ya daraja iandikwe leo, ieleze ni wagonjwa wangapi walirudishwa mtoni masika iliyopita, kwa tarehe. Mkiandika tu kwamba tunaomba daraja, itawekwa chini ya barua nyingine zinazoomba daraja. Mkiandika tarehe na kilichotokea, anayeisoma atapata shida kidogo kuiweka chini.

Ndugu Mwenyekiti, mwalimu amenipa chaki. Ubao huu nimeugawa sehemu tatu: wajawazito wa kila kitongoji na mwezi wanaotarajia, wenye vyombo waliotayari kuitwa usiku na namba zao za simu, na vijana wa machela. Tuanze na walio mbali na barabara. Nani anatoka upande wa mtoni? Nyosheni mikono, nihesabu.